Siku Simu ya Baba Mkwe Iliposoma Habari za Kitanda Chetu

Leo nimeaibika, jamani. Si ile aibu ndogo ya kuvaa sweta nje ndani. Nimeaibika mbele ya wakulima wote wa majani chai wa upande wetu huu wa Manga, pamoja na karani wao, na aliyenipeleka huko ni mimi mwenyewe kwa vidole vyangu. Naandika nikiwa jikoni na mashavu bado yana moto.

Mnaonisoma hapa mnajua kawaida yangu. Naandika mambo ya nyumba. Namna ya kupanga vikombe, namna ya kupika mboga ya chinsaga bila kuacha uchungu, picha ya meza yenye kitambaa cheupe. (Kitambaa ni hicho kimoja tu. Nikishapiga picha nakikunja, nakirudisha kabatini.) Kwangu mambo huwa sawa siku zote.

Jana msomaji mmoja akaniandikia: "Dada, kwenu hakuna siku mbaya? Hata maziwa hayamwagiki?"

Hayo maneno yaliniingia. Maana maziwa yalikuwa yamemwagika! Jana hiyo hiyo, sufuria nzima, nikiwa napanga vikombe vya kupiga picha. Basi nikaamua: kuanzia leo naandika ukweli. Ukweli mtupu, bila kitambaa cheupe.

Nikaamka mapema, binti yangu Moraa akiwa bado amelala, nikaandika. Nikaandika maziwa. Nikaandika paa linalovuja juu ya kabati. Nilipoona maneno yanakuja yenyewe, nikaandika na kitanda.

Kitanda chetu kilivunjika mguu mmoja tangu mvua zianze. Mahali pa mguu tumeweka matofali. Sasa ngojeni niwaambie mume wangu anafanya kazi gani. Ni seremala. Ndiyo! Anatengeneza vitanda. Ana karakana Keumbu, kando ya barabara, vitanda vimepangwa nje vinang'aa kwa vanishi mpaka watu wanasimamisha magari kuvitazama. Kila Jumapili ananiambia, "Mama Moraa, wiki hii chetu lazima kipate mguu." Kisha Jumatatu anakuja mteja.

Nikaandika yote hayo, nikacheka peke yangu, nikabonyeza. Nikasambaza kwa marafiki na kwa wifi yangu wa Nakuru, dada ya mume wangu, ambaye hunisoma kila siku. Halafu nikabeba kikapu nikaenda kuchuma majani chai. Nilijisikia mwepesi! Nilijiona mwandishi jasiri wa Kisii na Nyamira nzima.

Hapa lazima nisimame kidogo kwa ajili ya wale wasio wa kwetu. Sisi tuna kitu tunaita ensoni. Ni heshima kati ya wakwe, na heshima yenyewe ina ukuta. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Akiwa na neno, anasimama uani anakohoa. Hatusalimiani kwa mkono. Chakula chake nampa mama mkwe, naye ndiye anampelekea. Na mambo ya chumbani hayatajwi mahali masikio yake yapo, hata akiwa ng'ambo ya mto. Tangu niolewe sijatamka neno "blanketi" mbele ya yule mzee. Nikifua blanketi, naanika nyuma ya migomba.

Na mzee mwenyewe nampenda. Watu wa boma waliposema mke anayeshinda na simu ni mvivu, ni yeye aliyesema niachwe niandike. Sasa mtu wa namna hiyo ukimvunjia ensoni mbele ya wazee wenzake, hakugombezi. Anakunyamazia tu. Kuna mke wa jirani hapa, baba mkwe wake huzunguka shamba zima ili wasikutane njiani, na ni miaka sasa.

Mzee macho yake yamechoka. Wifi alimletea simu kubwa, akaiweka iwe inamsomea kwa sauti. Mimi nilijua anasikiliza habari na mahubiri. Nilijuaje? Sikujua chochote!

Basi. Nikafika kituoni, pale kwenye kibanda tunapopimia majani, kikapu mgongoni. Lori la kiwanda lilikuwa halijafika. Kwa kawaida wakati wa kungoja kuna kelele, huyu na ng'ombe wake, yule na mvua yake. Leo kimya. Watu wameketi mviringo, wazee mbele, na katikati ni baba mkwe, simu imelala kwenye goti lake. Ndani ya simu, mwanamke wa mashine anasoma Kiswahili kwa kukivuta:

"Karibu tena, msomaji wangu. Leo sitakudanganya."

Hayo ni maneno yangu!

Nikamnong'oneza Kerubo, jirani yangu, "Mnasikiliza nini?"

"Si ni wewe! Kwani hukujua? Binti ya mzee humtumia, na yeye anatufungulia tukingoja lori. Ile ya vikombe tulisikiliza mara mbili."

Kumbe! Kumbe wakati mimi nahesabu wasomaji wangu kwa huruma, baba mkwe ana redio yangu hapa kituoni! Na alikuwa amejaa fahari, nyinyi. Mzee mwingine alipotua kikapu, akamwambia, "Keti. Huyu ni mke wa kijana yangu. Sikiza vile anajua kupanga maneno."

Mashine ikasoma maziwa. Watu wakacheka vizuri. Ikasoma paa. Mzee mmoja akasema, "Hiyo ni ukweli. Hata kwangu inavuja, na mimi sijawai sema." Wenzake wakaitikia. Nikasimama pale nyuma nikatabasamu, nikajiambia, unaona sasa, ukweli unapendwa.

Halafu nikakumbuka baada ya paa nimeandika nini.

"Lori hilo!" nikapiga kelele. "Lori limekuja!"

Wote wakageuka kutazama barabara. Hakuna lori. Ng'ombe mmoja tu. Wakarudi kusikiliza.

"Sasa niwaambie kuhusu kitanda chetu," ikasema mashine.

Baba mkwe akakaza mgongo.

"Mume wangu ni seremala, na kitanda chetu kina miguu mitatu na matofali."

Hapo hata karani aliacha kunoa kalamu. Mzee akaanza kupapasa simu atafute pa kuzima. Akabonyeza. Sauti ikapanda.

"Mmoja akigeuka peke yake, matofali yanahama na kitanda kinaanguka. Kwa hivyo tumekubaliana. Anayetaka kugeuka anamwamsha mwenzake, tunahesabu, tunageuka pamoja."

Baba minto! Mama yangu wee! Nilitamani kuingia ndani ya kikapu changu mwenyewe, nipimwe na majani, nipelekwe kiwandani.

Mzee akabonyeza kwingine. Mashine ikaongeza mbio. Na haiachi kitu, jamani! Hata mabano inasoma, yale ambayo mimi huandika kwa kunong'ona. "Fungua mabano. Baba Moraa akiwa amekula maharagwe, kuhesabu hakusaidii. Funga mabano."

Karani akaketi chini. Mtu mzima, kalamu sikioni, ameketi sakafuni anajifuta macho.

"Zima hiyo kitu, mzee!" mama mmoja akalia. "Tuko na watu wa heshima hapa!"

"Wacha kidogo," akasema mwingine nyuma, "tujue kama walianguka."

Mzee akavua kofia akaifunikia simu. Sauti ikatoka chini ya kofia. Akaisukuma ndani ya kikapu chake, akarundika majani juu, akayakandamiza kwa mikono miwili. Majani yakaendelea kuongea. "Asubuhi mama mkwe aliuliza ni nini kilianguka. Nilimwambia ni paka."

"Paka!" Kerubo akanishika bega asianguke. "Ati paka!"

Pale kituoni mtu wa kuizima ile simu alikuwa mmoja tu, ni mimi, maana wengine wote walikuwa wanacheka. Nikasonga mbele. Mzee naye akaichimbua kutoka kwa majani, akaishika. Tukatazamana. Tukakumbuka hatutakiwi kutazamana hivyo, tukatazama chini sote wawili. Simu iko mkononi mwake, na mimi siwezi kupokea kitu mkononi mwake. Nikanyoosha mkono, nikaurudisha. Yeye akanyoosha, akaurudisha. Katikati yetu mashine inaendelea kueleza namna matofali yanavyotakiwa kupangwa.

"Weka chini!" wazee wakampigia kelele. "Weka chini halafu urudi nyuma!"

Akaiweka juu ya mzani, akarudi nyuma, akageuza uso kwenye migomba. Nikakimbia. Nikainama haraka kuizima, na nilikuwa nimesahau kwamba kikapu bado kiko mgongoni, kimejaa.

Majani yote yakanimwagikia kichwani. Yote! Kazi ya tangu alfajiri. Yameingia kwenye kitambaa cha kichwa, yameingia kwenye blauzi, mengine nimeyala. Nikaizima ile simu nikiwa nimefunikwa na chai, na nilipoinuka nikaona mshale wa mzani umesimama mahali pazuri sana. Karani akasema kutoka sakafuni, "Mama Moraa, hizo kilo nisiandike, si ndiyo?"

Hapo hata mimi nilitaka kucheka. Lakini nilipogeuka, baba mkwe hakuwepo. Kofia ameichukua, simu ameiacha, kikapu chake ameacha, lori hajalingoja. Nilimwona tu akipotea kwenye kijia cha juu, anatembea upesi kuliko umri wake. Nikampa Kerubo simu ampelekee mama mkwe, nikaokota majani yangu kimya kimya.

Nyumbani nikakuta mume wangu ananipigia. Habari ilikuwa imefika Keumbu kwa boda boda kabla mimi sijafika mlangoni.

"Mama Moraa," akasema, "kuna mteja hapa anauliza kama matofali yanauzwa kando ama yanakuja na kitanda."

"Umekasirika?"

"Sijui bado. Amenunua kitanda." Akashusha sauti. "Lakini maharagwe, mama? Maharagwe kweli?"

Nikaketi nikafungua ile habari niifute. Chini yake watu walikuwa wameandika mengi kuliko siku zote. Mmoja amesema kwake mahali pa mguu wa kitanda wameweka mtungi. Mwingine amesema wanalala kwa zamu. Wote wanashukuru kwamba mtu amesema. Na mimi sikuwa na furaha hata kidogo. Nilikuwa namwona tu mzee akizunguka shamba ili asikutane nami, miaka na miaka, na nikalia, nawaambia ukweli. Nililia kama mtu aliyefiwa, majani chai bado yako kwenye nywele.

Mara mama mkwe akaingia, akaketi kwenye kigoda, akanitazama.

"Hiyo paka yenu," akasema, "iko na uzito."

"Nisamehe, Mama."

"Mimi nilijua. Paka gani inahesabu?" Akatoa jani moja kwenye sikio langu. "Mzee amenituma. Amesema nikuambie simu yake iliharibika leo pale kituoni. Hakusikia kitu."

Nikafuta macho.

"Umeskia? Hakusikia kitu. Lori ilichelewa, akachoka, akarudi nyumbani. Ni hivyo tu. Na wale wazee wengine amewapitia kwa boma zao, mmoja mmoja, amewauliza. Hata wao hawakusikia."

Nikashika kichwa kwa mikono miwili. Yaani yule mzee, na macho yake yale, amepanda na kushuka milima ya Manga kuwafundisha wazee wenzake kwamba hawakusikia kitu!

"Na amesema tena," mama mkwe akaendelea, akiinuka, "kuna mbao za mkaratusi nyuma ya zizi. Zimekauka vizuri. Baba Moraa akitoka kazini apitie achukue. Hajasema ni za nini." Alipofika mlangoni akageuka. "Kesho kituoni bado atafungua. Lakini anaomba uandike mambo ya mboga."

Kwa hivyo kesho ni mboga. Habari ya kitanda nimeiacha palepale, kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu ya yule wa mtungi. Hii ya leo ni yenu peke yenu. Wifi, nakushika miguu, usimtumie baba!

Na nyinyi wengine, kama kituo kizima cha majani chai hakikusikia kitu, basi hata nyinyi hamjasoma kitu.