Ukurasa wa Ndoa ya Safiya Uvuliwe Nguo

Kabondo, Kisangani

Kwa Papa Timothée, Mwenyekiti wa Kamati ya Ndoa

Mkwe wangu mpendwa,

Najua kazi inakushikilia Kinshasa, lakini soma barua hii ukiwa umeketi. Mimi Yakubu, tonton, yaani mjomba, wa Safiya, namlalamikia bibi arusi wetu pamoja na mwanao Carlos, kwa ajili ya ukurasa wa intaneti wa ndoa yao.

Walitaka ukurasa mwepesi, ili jamaa wa Yanonge wenye mtandao dhaifu waufungue upesi na kubonyeza "Nitakuja". Hilo nililibariki. Bahati mbaya wote wawili ni mafundi wa tovuti, na ukurasa, nimeelezwa, huvishwa nguo inayoitwa CSS. Nguo hizo zipo zilizokwisha kushonwa. Carlos alichagua Pico, Safiya akachagua Milligram, na amani ikatutoka.

1. Carlos anasema Pico inapendezesha kila kitu chenyewe: andika kichwa, kinapendeza, weka fomu, inapendeza. Safiya anasema Milligram ni ndogo zaidi, na yanayobaki mtu mwenye akili anajishonea. Wamebishana hivyo mpaka pondu ikapoa sahanini. Sijapata kuona wachumba wakinuniana kwa sababu ya upana wa kitufe.

2. Milligram ilipewa zamu ya kwanza. Kitufe kikatoka zambarau. Dada yako Odile akapiga simu kutoka Yanonge: "Papa Yakubu, hii iko rangi ya Kwaresima! Tunakuja kula ao kufunga?" Kubadili rangi ni mstari mmoja tu. Safiya akagoma, eti Carlos atasema ameshinda.

3. Ikaja Pico. Hiyo hutazama kwanza simu ya mtu: simu ikiwa katika hali ya giza, ukurasa nao unageuka mweusi. Ya Odile iko hivyo. Akaona picha ya Carlos katikati ya weusi, hakusoma neno jingine. Akalia, na mtaa mzima ukalia naye. Carlos mwenyewe akampigia: "Tantine, mi niko muzima!" Akajibiwa: "Bon, nitaamini siku nitakugusa na mukono." Simu ikakatwa.

4. Sasa fikiri, mkwe. Kama nguo ya ukurasa imemuua bwana arusi, mapazia ya nyumba yao yatafanya nini? Na jina la mtoto wa kwanza?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, ukurasa ubaki uchi kama ulivyozaliwa. Ndoa isogezwe mbele hadi wapatane. Na CSS, nyepesi kwa nzito, ipigwe marufuku katika koo zetu mbili mpaka kwa wajukuu.

Nisalimie wote walio nawe huko, hata yule jirani mwenye jenereta ya kelele.

Ni mimi, ndugu yako mtarajiwa,
Yakubu

N.B. Kabla sijaifunga barua, wameingia watu wa Yanonge, mashua nzima ya baleinière. Mama yako Augustine, aliyeapa hatakanyaga arusi hii kwa kuwa hakuulizwa tarehe, ameshuka na nguo za msiba, akamkuta Carlos mlangoni anakula ndizi za makemba. Amempiga kwa kitambaa cha kichwa, kisha akamkumbatia mpaka akakohoa. Halafu amemvuta Safiya kifuani: "Mufunge ndoa mbio, kabla huyu hajakufa tena!" Wachumba wanacheka hadi machozi. Tafadhali, yote niliyoandika juu usiyahesabu. Ukurasa ubaki mweusi. Jamaa wa Isangi bado hawajajibu.