Bila Pete Usipige

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Imeamuliwa. Jumamosi Mama anahamia Njiru kwa dada yangu Ndindi. Miaka hamsini na moja katika nyumba hii, halafu pikapu moja! Hataki sherehe. Anataka kitu kimoja tu: apigwe picha mlangoni, pale pale Baba alipompiga mwaka wa sabini na nne, siku walipopewa ufunguo.

Kazi hiyo ni yangu. Nani mwingine? Baba alikuwa na studio hapa mtaani miaka thelathini, na kamera yake niliirithi mimi. Sanduku jeusi la macho mawili, unalichungulia kutoka juu kama sufuria ya githeri. Nina filamu moja, picha kumi na mbili. Moja ya Mama, kumi na moja za kufungulia Studio ya Kiilu na Mwana. Javan wa mlango wa pili, anayepiga harusi kwa simu na kujiita "director", atajua hajui!

Ndani ya kifuniko cha mkoba wa kamera kuna mwandiko wa Baba: BILA PETE USIPIGE. Ukoo mzima unayajua maneno hayo. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na wachumba wasiofunga ndoa hakuwataka mbele ya kamera yake. Msimamo!

Jumanne, 5 Agosti

Mawingu na baridi. Pale mlangoni mwanga ni haba, lazima kamera ifumbue jicho kwa muda, na mikono yangu inatetemeka (umri, si mengine). Nikatoa stendi ya Baba ya miguu mitatu kutoka uvunguni.

Haishiki! Skrubu ya stendi ni nyembamba, tundu lililo chini ya kamera ni pana. Vitu hivi vimefanya kazi pamoja maisha yao yote, leo vinajifanya havijuani. Nikazungushia uzi. Nikazungushia gazeti. Nikatafuna chingamu tatu nikapachika. Ikashika! Nikarudi nyuma kuitazama kwa fahari. Ikaanguka. Niliidaka, lakini kidole kikafyatua. Picha moja ya dari.

Javan alikuwa mlangoni, bila shaka. Akauliza, "Buda, hiyo ni kamera ama ni redio?" Akajitolea kumpiga Mama kwa simu, dakika mbili, bure. Nikamjibu kwamba picha si chapati.

Jumatano, 6 Agosti

Shiro wa saluni alikuja na mchumba wake. Wateja wa kwanza! Nikauliza kama wamefunga ndoa. Wakasema ni Desemba. Nikawaonyesha kifuniko. Wakaenda kwa Javan.

Mchana nilijaribu kipande cha tyubu ya baiskeli. Kila nilipofyatua kamera ikainama polepole, kama mtu anayesinzia kanisani. Picha tano za sakafu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimegundua! Mama havai pete! Kidole kilivimba, akaivua zamani. Ndiyo sababu kamera inakataa. Huu si ushirikina, sisi ni watu wa kanisa. Lakini maneno ya Baba ni maneno ya Baba.

Mama alisema iko chini kabisa kwenye sanduku la bati. Ndindi alikuwa ameshafunga kila kitu kwa kamba. Nikafungua vyote. Katikati ya mashuka nikakutana na ile picha ya sabini na nne. Mama mwembamba, gauni la maua, ufunguo ameuinua juu kama kombe. Kwenye ngazi kuna kivuli cha Baba, kofia yake na miguu mitatu ya stendi. Nilikaa chini nikalia. Nimemkumbuka sana yule mzee.

Pete ilikuwa ndani ya soksi. Haikupita kidoleni. Sabuni. Mafuta ya kupikia. Ikapita, na sasa haitoki. Ndindi akafika, akaona vitu vilivyotapakaa. Aliyoyasema siyaandiki.

Jumamosi, 9 Agosti

Pikapu imefika saa nne, na jua nalo limetoka. Pete kidoleni, skrubu bado inacheza! Nikavua mshipi wangu nikaifunga kamera nao. Nikainama kuchungulia, suruali ikashuka, kamera ikaenda. Mara tano. Picha tano za anga. Javan alirekodi. Filamu imebaki na picha moja.

Mwenye nyumba akataka ufunguo. Mama akauvua shingoni, kwenye kamba yenye kipete cha shaba. Akasema kipete haachi: alikikuta mfukoni mwa Baba siku aliyofariki, hajui ni cha nini. Javan akakishika, akakigeuza, akasema kina mikato ya skrubu ndani na nje.

Nikamnyang'anya. Kikaingia kwenye tundu la kamera. Skrubu ikaingia ndani yake. Kamera ikatulia tuli!

Pete! Mzee alikuwa akijikumbusha asisahau kipande cha stendi. Nikamuuliza Mama, na wale wachumba je? Akasema wachumba gani, yeye mwenyewe alipopigwa picha pale mlangoni hakuwa ameolewa. Ndoa ilikuja mwaka uliofuata. Akacheka mpaka akashika mlango, ufunguo juu. Nikafyatua.

Jumatatu, 18 Agosti

Filamu imesafishwa. Mama yuko pale, anacheka na meno yake yote machache. Kwenye ngazi kuna kivuli changu na miguu mitatu, mkono mmoja umeshikilia suruali. Ndindi ameitundika Njiru kando ya ile ya zamani. Mama anazisalimu zote mbili kila asubuhi.

Aliniagiza jambo moja: pete isitoke tena kwenye kamera. Nimeitoa. Kwa usalama! Javan anaitazama mno. Nimeificha mahali salama kabisa, hata humu siandiki.

Kesho saa tatu Shiro na mchumba wake wanakuja, nimenunua filamu nyingine na kuwabembeleza mno. Tangu chakula cha mchana natafuta nilipoificha. Nimempigia Shiro aje na pete yoyote, hata ya kuazima. Maneno ya Baba ni maneno ya Baba.