Mama wa Dashibodi Hana Salamu

Kaloleni, Kisumu
Alhamisi, 12 Juni 2025

Kwa Bwana Shakir Faraji,
Mwanangu wa kwanza, na mshauri wangu katika mambo ya magari,
Nairobi.

Assalamu alaikum warahmatullah.

KUH: KULIPIA AU KUTOLIPIA RAMANI ILIYOMO NDANI YA GARI

Ujumbe wako nimeupata. Nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Unasema muda wa kujaribu ramani ya gari bila malipo unaisha, na kwamba nichague mojawapo: ama tuilipie mwaka mzima na niwe naifuata, ama niuze gari, niache biashara ya mashuka na mablanketi, nije kukaa nanyi Nairobi. Sababu ni Bwana Obiero wa Kombewa. Amekupigia simu kukuarifu kwamba nilisimamisha gari pale Kisian nikamuuliza njia ya kwenda Kombewa, mimi niliyeuza mashuka katika soko la Kombewa tangu wewe hujaota meno. Nawe ukaandika, "Mama, naogopa umeanza kusahau."

Nimekuelewa. Kwa kuwa jambo lenyewe ni zito, na kwa kuwa kwenye simu una tabia ya kusema "sawa Mama, sawa Mama" kabla sijamaliza, nimeona afadhali niandike barua rasmi na kupanga hoja zangu kwa nambari, kama tulivyofundishwa shuleni. Tafadhali mpe Ikhlas naye aisome. Mkeo husoma mpaka mwisho.

Kwanza nikiri yaliyo mema. Ulipoiuza pikapu ya marehemu baba yako ukaniletea gari hili, nililia kidogo, kisha nikakaa ndani nikaona viti ni laini. Mama aliye ndani ya dashibodi, yule anayesema pinda huku na pinda kule, ana sauti nzuri na Kiswahili safi kama cha msomaji wa taarifa ya habari. Sina chuki naye. Nimempa nafasi ya haki kabisa, nimekwenda naye masoko yangu yote. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Hana salamu. Nikiwasha gari asubuhi, neno lake la kwanza ni "Elekea kaskazini." Hajauliza nimeamkaje. Tangu baba yako atutoke mwaka jana, na tangu nitoke eda, nimekuwa nikiamka katika nyumba ambayo hakuna wa kuniuliza nimeamkaje. Huko kutoulizwa nakupata bure. Sioni kwa nini nikulipie kwa mwaka.

2. Hajui watu. Nilipomwambia nakwenda Awasi, alinipitisha Ahero moja kwa moja, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinavuma. Hakuniambia kwamba Rosa, yule muuza ndizi, alikuwa ametoka kumzika dada yake, na kwamba mtu hapiti pale bila kusimama na kumpa pole. Niliporudi siku nyingine, Rosa alinitazama tangu mbali akasema, "Mama Shakir, siku hizi unatupita tu kama ambulensi. Kwani umebeba mgonjwa?" Nikakaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa hadi jua likageuka. Nikanunua ndizi nyingi kuliko ninazoweza kula. Ndizi hizo, mwanangu, ni gharama ya ramani yako, ila kampuni haiziandiki mahali.

3. Vipimo vyake havisaidii mtu. Anasema, "Baada ya mita mia nane, pinda kulia." Mita mia nane ni nini? Huku njia hupimwa kwa mdomo, nawe unajua, umezaliwa huku. Mtu akikwambia "ni hapo tu," unaweza kwenda kwa miguu. Akisema "ni kule," ubebe maji. Akiinua kidevu na kuvuta sauti, "ni kuleee," ukaangalie mafuta kwanza, na uage watu wa nyumbani. Mama wa dashibodi husema ya karibu na ya mbali kwa sauti ile ile moja. Kwake hakuna safari ndefu. Hajawahi kuchoka, basi atajuaje?

4. Anasema "Umefika." Hili limenikera kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nampelekea Mwalimu Metrine wa Pap Onditi mapazia yake, na nikaamua kumfuata huyu mama kwa uaminifu, neno kwa neno. Akanifikisha kwenye ua wa michongoma, mbele yangu mahindi na ng'ombe mmoja amefungwa, akatamka kwa fahari, "Umefika." Kisha akanyamaza kama mtu aliyemaliza kazi. Hivi tangu lini mgeni akajitangazia mwenyewe kufika? Aliyefika ni yule aliyeambiwa karibu, akavutiwa kiti, akaulizwa habari za huko alikotoka. Ng'ombe hakuniambia karibu. Nyumba ya Metrine ilikuwa upande wa pili wa shamba, na ilibidi nipige honi mpaka akatokea amejifunga leso kichwani, akauliza ni nani anayemsalimu ng'ombe wake.

5. Hakasiriki. Nikikosea kona, husema kwa upole, "Natafuta njia nyingine." Nikikosea tena, anatafuta tena. Wewe utasema huo ni ustaarabu. Mimi nasema hajali. Baba yako, mimi nilipokuwa nimekaa kushoto na kumwambia pinda baada ya kona kupita, alikuwa anazima redio kwanza. Kisha anasema taratibu, "Haya, Kadija. Leo tutalala Kericho." Na hapindi. Anaendelea mbele ili nione mwenyewe nilichokifanya, huku akivunja njugu kwa meno na kuniwekea zilizomenywa kwenye kiganja. Nilikuwa nakasirika na kula njugu kwa wakati mmoja. Mtu akikuacha ukosee mara zote hizo bila hata kuguna, nyumba hiyo ina baridi.

6. Anashindana na mvua. Katika zile mvua za Aprili alinielekeza njia ya mkato, huko Nyakach karibu na Pap Onditi, ambayo maji yalikuwa yameshaichukua. Nikaona mama mmoja shambani ameinua jembe na kulipunga, akanijia mbio. Jina lake Nasipwondi, ameolewa huko. Akaniambia, "Mama, hii gari yako ni ya kuogelea?" Nikamwomba anielekeze. Hakuelekeza. Alifungua mlango, akakung'uta tope la miguuni nje kwa heshima, akaingia na jembe lake, akasema, "Twende nikuonyeshe, hata mimi nilikuwa nimechoka."

Tukazunguka kwa njia ya juu. Wakati wote huo mama wa dashibodi anasema, "Geuza gari. Geuza gari." Nasipwondi akamjibu, "Wewe nyamaza kidogo, tunaongea." Kisha akaniuliza huyu anayeongea ni nani. Nikamweleza kwamba nina mtoto mkubwa Nairobi ambaye amenitafutia huyu ili awe ananiongoza njiani nisipotee. Akafikiri, akatazama dashibodi, akatazama dirishani. Akasema, "Ni vizuri. Na mwenyewe ako wapi?"

Nakupelekea swali hilo kama lilivyo.

7. Hakai kwenye kiti. Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko, na hapa ndipo namrudia Bwana Obiero. Unajua desturi ya huku: ukimuuliza mtu njia, haonyeshi kwa kidole tu. Anaingia. Naye alikuwa anakwenda huko huko, au si mbali na huko, au hakuwa anakwenda popote lakini sasa anakwenda. Nusu ya wateja wetu baba yako aliwapata hivyo. Alikuwa anateremsha kioo kabla gari halijasimama, anaanza na habari za mvua, anakuja habari za mifugo, njia anaiuliza mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka tu. Wakifika wanakuwa wameshajua ana shuka la rangi gani nyuma.

Basi nilipomuuliza Obiero njia ya Kombewa, alinishangaa, kweli. Akasema, "Mama Shakir, unaniuliza mimi? Si ni hii tu umekanyaga?" Lakini alikuwa ameshashika mlango. Aliingia na kuku watatu na gunia la mbegu. Kuanzia Kisian mpaka Kombewa alinieleza mkwewe anavyomdharau, foleni aliyopanga hospitalini kwa ajili ya goti, na jinsi yeye na baba yako walivyowahi kusukuma pikapu kwenye mchanga huku mimi nikiwa nimekaa ndani kama malkia. Hadithi hiyo sikuwa nimeisikia kwa upande wa wanaosukuma. Nilicheka mpaka nikasimamisha gari. Katika njia yote alinionyesha kona moja tu, na kona hiyo alinionyesha tumeshaipita.

Je, kwenye simu alikwambia alishukia mlangoni kwake, kuku wakiwa salama, na njugu zangu mfukoni? Nadhani hilo lilimtoka. Sasa nakuuliza wewe uliyesoma: kati yangu na Obiero, ni nani ameanza kusahau?

Kwa hiyo, Bwana Shakir, ombi langu ni kwamba usilipe. Kama kampuni inataka fedha zetu, basi kwanza imfundishe mama huyo kusalimia, kutoa pole, kukasirika kwa kiasi, na kutotangaza kufika kabla ya mwenye nyumba. Wakishindwa, na nadhani watashindwa, wamwajiri Nasipwondi. Nimemuuliza, amesema yuko tayari msimu wa palizi ukiisha, mradi aje na jembe. Wakikataa na hilo, basi waje wachukue dashibodi yao, waniachie kiti cha kushoto. Kiti hicho kilikuja na gari na hakina malipo ya mwaka. Njia nitaendelea kuwauliza watu, kwa sababu barabara za huku hubadilika kila mvua ikinyesha, na wanaozijua ni wale wanaozikanyaga. Mtu anayeuliza njia hajasahau, yuko makini. Baba yako aliuliza maisha yake yote, na hakuna aliyemwambia auze pikapu.

Kuhusu kuja kukaa Nairobi, nashukuru kwa moyo. Lakini nikija huko sitakuwa na pa kwenda, na kwa hiyo sitakuwa na njia ya kuuliza.

Natumaini hoja zangu zitapokelewa kwa uzito unaostahili, na kwamba utamjibu mwenye kampuni kwa lugha ya heshima, maana kosa si lake peke yake.

Msalimie sana Ikhlas. Amirah mwambie bibi yake amemwekea blanketi lenye twiga, asiwaonyeshe wenzake shuleni wakalitamani. Wasalimie na wale majirani zenu wa ghorofa ya chini, hata kama bado hamjajuana majina. Huku Rosa anakusalimu, Mwalimu Metrine anakusalimu, na Obiero pia anakusalimu, ingawa mimi na yeye hatujamaliza.

Ni mimi mama yako mzazi,
Kadija binti Said

Tanbihi. Ikhlas akifika hapa atakuwa ameshashtuka, kwa sababu ana akili. Atakuuliza, kama mama anajua Rosa anauza wapi, na nyumba ya Metrine iko upande gani wa shamba, na Kisian iko wapi na Kombewa inaanzia wapi, mbona alimuuliza Obiero njia?

Njia ya Kombewa naijua. Ya Awasi naijua na ya Pap Onditi naijua, ya kiangazi na ya masika. Hata ile iliyochukuliwa na maji nilijua imechukuliwa, niliyaona tangu juu ya kilima, nikashuka tu kwa sababu nilimwona mtu shambani. Sijasahau barabara hata moja. Basi barua hii yote, Shakir, unaweza kuiweka kando. Ulipe au usilipe, ni mamoja. Ukilipa nitamwacha aseme, maana Nasipwondi ameniambia anapenda kubishana naye.

Ni kwamba mwanamke wa umri wangu hawezi kusimamisha gari kando ya barabara akamwambia mtu, "Ingia, nyumbani kumenyamaza mno." Watu watamkimbia. Lakini akisema amepotea, kila mtu anafungua mlango. Hata wewe. Zamani ulikuwa unanipigia Ijumaa, ukipata nafasi. Tangu Obiero akwambie nimepotea, unapiga kila jioni, na juzi tuliongea mpaka chai ikapoa.

Usiache. Nikumbuke hata siku ambazo sijapotea.