Pembe Ahamishiwa Kwenye Magodoro

Habari ililetwa na kinyozi, mashine ya kunyolea bado iko mkononi. Alisimama mbele ya benchi letu la kahawa akatutangazia kwamba lile shamba la ng'ambo ya daraja limeuza ng'ombe wote. Wanabaki kondoo tu.

Sote tukamgeukia Pembe.

Pembe ni mtunza ng'ombe mkongwe wa shamba hilo. Amekamua, amezalisha, amekata kwato tangu enzi ana nywele. Na miaka yote hiyo alikuwa akija hapa kijiweni kumdharau shemeji yake, kaka wa mkewe, tunayemwita Sufu, msimamizi wa kondoo wa shamba hilohilo. Kwa Pembe, kondoo si mnyama, ni godoro lenye miguu. Mtu anayechunga magodoro, alikuwa akisema, asijiite mtu wa mifugo, akafungue duka la mito.

"Sasa kesho unaripoti kwa nani?" kinyozi akamuuliza, kwa upole wa kutia chumvi kwenye kidonda.

"Siripoti kwa mtu."

"Kwa Sufu," akasema mama muuza kahawa, huku anammiminia. "Mkeo kanieleza. Shemeji yako ndiye aliyekuombea usiondolewe pamoja na ng'ombe."

Hilo lilimchoma kuliko habari yenyewe. Pembe akajitetea mpaka kahawa ikapoa. Alidai ng'ombe ukimwita jina anageuka, lakini kondoo akishtuka anakimbilia ukuta, akishaugonga anashangaa nani kauweka. Kinyozi akamjibu kwamba watu wa namna hiyo tunao, tena wengine wameoa. Tulicheka hadi mama akaanza kuokoa vikombe vyake.

Katikati ya kicheko Sufu akatokea, buti zimejaa tope. Kinyozi akasogea haraka kumpisha nafasi, maana miaka ya dharau ilikuwa inalipwa leo na sisi tulikuwa tumeshakaa mkao wa kutazama. Sufu hakukaa. Alieleza kwamba lori limefika na ng'ombe wamegoma kupanda. Mama Mkwe amelala chini pale kwenye ngazi ya lori, na wenzake wamekwama nyuma yake.

Mama Mkwe ni ng'ombe mzee, mgumu kusogezwa. Jina alipewa na Pembe, na Sufu, ambaye mama mkwe halisi wa Pembe ni mama yake mzazi, alilijua siku zote akanyamaza.

"Wamewauza, wawapakie wenyewe," Pembe akasema. "Mimi si wa kondoo siku hizi?"

"Shemeji, wanawapiga. Watamvunja mguu."

Pembe akaweka kikombe chini, akaondoka bila kuaga. Tukamfuata, si kwa huruma, tusidanganyane. Tulifuata burudani ya bure.

Uani tukawakuta wapakizi wawili wanamtandika bibi wa watu kama wanapiga zulia. Pembe aliwapokonya fimbo, akazitupa nje ya uzio, akapiga magoti kwenye kinyesi na suruali yake ya kutokea. Akamkuna yule ng'ombe nyuma ya sikio, akamnong'oneza. Kikapita kitambo. Kisha Mama Mkwe akainuka, matako kwanza, akamfuata ngazini hadi ndani, na wenzake nyuma yake, mmoja mmoja, watulivu kuliko sisi tukipanga foleni. Pembe akajipenyeza pembeni, akashuka peke yake. Mlango wa lori ukafungwa.

Kinyozi alikuwa ameandaa utani wa mgane. Niliona midomo yake ikiuanza, kisha akaumeza.

Lori likaondoka. Ndani yake ng'ombe mmoja alikuwa analia, na Pembe hakugeuka. Sufu akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kesho alfajiri wanaosha kondoo kwa dawa ya kupe, kwa hiyo avae nguo asizozionea uchungu. Pembe akajibu kwamba nguo za magodoro hana, labda aazimwe. Sufu akasema ataazimwa.

Tulipofika getini kinyozi akashindwa kujizuia. Akamuuliza alimwambia nini yule ng'ombe hata akakubali.

Pembe alikuwa anajipangusa magoti. Alijipangusa muda mrefu, palepale tu.

"Nilimwambia tunakwenda wote."