Siafu wa Bi Mgeni wa Chukwani

Leo nimefedheheka, jamaa zangu, na barua hii nnaiandika nimesimama. Kukaa bado.

Mnajua nimepeleka posa kwa Salma. Asubuhi bibi yake aliyemlea, Bi Mgeni, akaniita kwake Chukwani anitazame kabla hajatoa jibu. Nikavaa kanzu nyeupe, nikajifukiza udi, nikapanda baiskeli.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa wadudu?"

Mtu mwenye akili angejibu "naam" akanyamaza. Mimi nikajibu naam, kisha nikaanza darasa.

Kizingitini mwa jiko walipita chungu wadogo wenye vichwa vikubwa. "Hawa, Bi, kitaalamu wanaitwa Pheidole megacephala."

Akatikisa kichwa taratibu. Nikadhani amevutiwa. (Salma kanambia baadaye: alidhani namsomea uganga.)

Tukatoka uani penye mlimau. Juu yake pana kiota cha majimoto, wale wekundu wanaoshona majani. Nikasimama chini yake, kidole juu, kama niko ubaoni.

"Mwalimu, hapo ulipo..."

"Ngoja, Bi, nshafika penye jina. Oecophylla longinoda."

"Mwanangu, sogea kidogo."

"Hawa si kitu, Bi. Wakali ni siafu. Jina lao Dorylus. Hupanda kimya kimya, kisha huuma wote kwa pamoja."

"Ndio hao ulowakanyaga."

Nikatazama chini. Nimesimama katikati ya msafara wao, na nusu ya msafara ushaingia ndani ya kanzu. Hapo wakauma, kuanzia magotini mpaka (pengine nisiseme).

Sikufikiri. Kanzu ikapita kichwani, kofia ikaenda nayo, nikabaki na bukta. Na bukta yenyewe, kwa dhiki ya nguo tuliyo nayo, mama kanishonea kwa mfuko wa unga. Maandishi hayajatoka. Nyuma panasomeka vizuri: UNGA SAFI. WEKA PAHALA PAKAVU.

Nikauzunguka mlimau mara mbili, najipigapiga. Dirishani nikasikia mtu anacheka mpaka anakohoa. Sauti naijua. Salma.

Bi Mgeni hakucheka. Alinirushia kanga, akanipa mgongo mpaka nikajifunga, kisha akaniletea mafuta ya nazi nipake. Nikapaka huku nikijua posa imekufa. Nikaomba radhi, nikaaga.

"Mwambie mama yako aje Ijumaa achukue jibu," akasema.

"Jibu gani, Bi?"

"La kheri. Nlikuwa nna khofu, nikisema huyu msomi atakuwa na makuu. Kijana wa bukta ile tutaishi naye."

Sikujua nifurahi au nijifiche. Nikapanda baiskeli, nikaja mpaka mjini nimesimama juu ya pedeli.

Harusini nyote mmealikwa. Atakayecheka akisoma barua hii, abaki kwao.