Mistari Kumi na Miwili Niliyoifuta

Jumatatu, 6 Mei
Printa ya lebo imegoma tena. Maabara nzima ya zahanati inaandika majina ya wagonjwa kwenye chupa za damu kwa kalamu. Na ni mimi niliyemshawishi shangazi wa mke wangu, mganga mkuu hapa, aache mfumo wa kompyuta wa kulipia aweke huu huria, wa bure, unaotunzwa na watu wa kujitolea. Amenipa hadi Ijumaa. Nikishindwa, kazi ya kutunza kompyuta inakwenda kwa shemeji, kaka wa mke wangu. Leo amepita kunisalimia mara tatu. Anapima ofisi yangu kwa macho.

Jumanne, 7 Mei
Nimewaandikia, kwenye jukwaa lao la wazi mtandaoni, wanaojitolea kutunza kiini cha mfumo. Nimesema kiendeshi chao, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na printa, ni kibovu. Wanataka kumbukumbu za mashine, orodha ya kila ilichofanya na saa yake, kila mstari. Balaa. Mistari kumi na miwili inataja kiendeshi changu mwenyewe, nilichoandika mwezi jana kwa mbwembwe. Hakijawahi kuchapa hata nukta. Mabingwa wakikiona nitaficha wapi uso? Nimeifuta, nikatuma iliyobaki. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Jumatano, 8 Mei
Amejibu mmoja wanayemwita Babu. Mpole mno. Anauliza mbona saa kwenye kumbukumbu zangu inaruka sekunde nne. Nikasingizia umeme. Akanipa pole, na vipimo saba vya umeme vya kufanya. Nimeshinda chini ya meza na nyaya. Shemeji ameinama kuniuliza kama kazi nyingine naitafutia huko.

Alhamisi, 9 Mei
Wino umefutika kwenye chupa mbili. Wagonjwa wawili wameitwa kutolewa damu upya, mmoja bibi kizee ambaye mshipa wake hupatikana kwa kubahatisha. Tumepishana kwenye korido, amebana pamba mkononi. Akanisalimia vizuri tu. Nimeona haya.

Nimetuma jukwaani kumbukumbu zote, pamoja na ile mistari, nikakiri niliifuta. Chai haijapoa, Babu kajibu. Kiendeshi changu ndicho kinachowahi kuidaka printa, kisha kinakaa nayo bila kazi. Nikiondoe, niwashe upya. Nikakiondoa. Printa ikakohoa. Lebo! Ya pili. Ya hamsini. Mtaalamu wa maabara amezibeba zote kwenda kuzibandika. Nimelia kidogo, sikatai. Mwili wote mwepesi.

Ijumaa, 10 Mei
Kazi ni yangu. Shangazi kauliza kosa lilikuwa nini, nikasema la kiini, limekwisha. Shemeji kanipa mkono kwa ncha za vidole. Nimekula kwa raha kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jioni barua pepe ya Babu. Anasema kukiri kosa lako mbele ya watu si jambo dogo, ameona mimi ni mtu mkweli. Kwa hiyo ananiomba nijaribu kiendeshi kipya kwenye printa mbili za matoleo ya zamani. Nikisema zinafanya kazi, watakisambaza duniani kote kwa neno langu.

Nimemjibu hapo hapo kwamba nimeshazijaribu zote mbili, zinachapa safi. Jumatatu nitaulizia zinafananaje.