Kapu la Mbegu na Mfungo wa Kamanda

Jumatano, tarehe 12 Juni 2024, ukungu uliishika Newala tangu alfajiri, mzito hata jogoo akawika bila kujua anamwamsha nani, na baridi ikaingia nyumbani mwa watu kama mgeni asiyebisha hodi.

Sogeeni, enyi wapaliliaji wa mikorosho, nanyi mnaobeba maji kwa shingo zisizotikisika! Tueni ndoo, mkasikie vita alivyopigana Silvesta, mtegaji asiyeshindwa, tishio la mashimo, ambaye panya wa shambani walimjua kwa kishindo cha nyayo zake, siku alipokabiliana na adui aitwaye Kukosa Hamu.

Adui huyo alikuwa amemteka Kamanda. Na Kamanda, kama hamkupata kumsikia, alikuwa paka: jabali la ghala, mwenye sikio lililopasuka kwa heshima vitani. Homa ilimlaza, daktari wa mifugo akamchoma sindano, homa ikakimbia. Lakini daktari aliacha neno zito nyuma yake.

"Ugonjwa umeisha. Sasa ale. Mpeni kitu cha vuguvugu, kinachonukia. Asipokula, Jumapili haioni."

Silvesta, aliyempenda paka yule kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele za watu, akajifunga kibwebwe. Akakoroga uji wa mtama, na kwa kuwa aliambiwa unukie, akautia iliki. Akauweka mbele ya mgonjwa kama mfalme ampaye mfalme mwenzake hidaya. Kamanda akanusa, akapiga chafya, akageukia ukutani.

"Baba Agatha," akasema Dominika, mkewe, "huyo ni paka, si mzazi."

"Mama Agatha, mgonjwa ni mgonjwa!" akanguruma shujaa.

Akaleta dagaa, Kamanda akafumba macho. Ndipo akaingia Bimdogo, jirani yao, mtani wa Silvesta tangu enzi za mababu, na bakuli la maziwa ya mbuzi mkononi.

"Mjaribu na haya, mtani. Akifa, usinifiche msiba, maana nawajua ninyi, hamtupi kitu."

"Ulimi wako huo, Bimdogo, ungekuwa jembe ungelima mpaka Masasi!"

Kamanda hakuyagusa maziwa. Mbavu zake zilipanda na kushuka chini ya manyoya kama vijiti vya tenga.

Asubuhi hiyo jumuiya ya kanisa ilikuwa na zamu ya kusali hapo, na kwa ajili ya baridi wakaketi jikoni, wakizunguka moto na mgonjwa. Silvesta akapiga magoti, akainua mikono.

"Ee Bwana, unayewalisha hata kunguru wasio na shukrani! Tushushie chochote, chochote kile, kitakachomfungua Kamanda kinywa. Mimi mtumishi wako sina kitu. Itazame mikono yangu: mitupu!"

Hapo Kamanda akainua kichwa polepole, akayakaza macho juu, kwenye boriti.

"Tazameni," akasema Winfrida, mwenyekiti wa jumuiya, machozi yakimlengalenga. "Anaangalia mbinguni. Anatuaga."

Mmoja akaanza kuimba wimbo wa mazishi.

"Mbinguni kuna kapu?" akauliza Bimdogo, aliyesimama mlangoni akisubiri bakuli lake. "Maana anaangalia kapu."

Wimbo ukakatika. Kapu lile lilining'inia juu ya moto, penye moshi, mahali pa mahindi ya mbegu ili fukusi wasiyaguse. Silvesta mwenyewe alilitundika baada ya mavuno, akatangaza kwamba haliguswi mpaka mvua ya kwanza. Na nani angeligusa? Hata mtoto mwenye njaa anajua mbegu haiguswi.

"Ni mbegu," akasema Silvesta, na sauti yake ilikuwa imedondosha mkuki.

Dominika akagusa jiwe la figa chini ya kapu, akakitazama kidole chake. "Mbegu gani hii, inayotoa mafuta?"

Kamanda akalia, kilio chembamba, cha kwanza tangu augue.

Na hapo ndipo vita vyenyewe vilipopiganwa, ndani ya kifua cha mtu mmoja. Upande huu tumbo, pamoja na aibu, shemeji yake. Upande ule mbavu zile. Silvesta alitazama kapu, akatazama paka, akapanda juu ya kigoda. Akayatenga mahindi ya mbegu, akachomoa kijiti kilichotungwa panya wa shambani waliokaushwa, kitoweo kinachopendwa Newala, wanono, weusi kwa moshi.

"Silvesta," akasema Dominika, na waliomsikia akimwita jina lake tupu walijua hali imechafuka. "Uliniambia wameisha. Nikawapa wageni mchicha."

"Walikuwa… wanaelekea kuisha."

Akampasha mmoja kwenye makaa, akamchambua kwa vidole, akaweka nyama chini. Pua ya Kamanda ikacheza. Akalamba. Akatafuna. Akala huku akinguruma, jicho moja likiwalinda maadui. Vigelegele vikapasua ukungu, Kukosa Hamu akakimbia asionekane tena, na siku hiyo ikaandikwa pamoja na siku kuu za uwanda.

Lakini Winfrida hakupiga kigelegele.

"Umemwambia Bwana mikono yako mitupu. Simama, mwambie upya. Nasi tusikie."

Silvesta akasimama, mikono iking'aa mafuta, akasema mbele ya mkewe, mtani wake na jumuiya nzima:

"Naahidi, Mungu akinisikia, nanyi mkinisikia: kapu hili litakaa chini, wazi. Kila panya nitakayemtega, nyama ya kwanza ya Kamanda, inayofuata ya Mama Agatha, kisha wageni. Mimi nitakula mkia."